Salamu Niliyoikatisha

Kwetu Misungwi mtoto wa kike hamsalimii mkubwa wake akiwa amesimama. Anapiga goti, anasema salamu yake, na anabaki pale chini mpaka aitikiwe. Sikumbuki nani alinifundisha. Nilipoanza darasa la kwanza nilikuwa sijui hata herufi moja, lakini nilijua kupiga goti kwenye tope bila kuchafua gauni.

Ndiyo maana, siku niliposhuka kwenye kivuko kutoka Ukerewe, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu kutoka pajani hadi karibu na kifundo, jambo nililokuwa nawaza halikuwa maumivu. Halikuwa hata ile ngazi ya kushukia, iliyokuwa imelowa na ambayo nililazimika kuishuka kwa magongo huku abiria walio nyuma yangu wakivumilia. Nilikuwa namuwaza bibi yangu, mama yake baba. Nilikuwa njiani kwenda kumsalimia, na goti nililokusudia kulipiga mbele yake lilikuwa haliwezi kukunjwa.

Lazima nieleze kosa langu. Mwaka uliotangulia, siku ya sherehe yangu ya kuhitimu chuo, nilimsalimia bibi nimesimama. Nilikuwa nimevaa joho la kuazima na viatu vya kisigino kirefu vilivyokuwa vinazama kwenye udongo wa uwanja wetu. Mpiga picha alikuwa ananiita. Binamu zangu walikuwa wananivuta mkono. Nikawaza kwamba nikishuka chini na lile joho, sitainuka bila kusaidiwa na watu wawili, na hiyo ndiyo picha itakayozunguka kwenye simu za ukoo mzima. Basi nikamshika bibi mkono kwa mikono yangu miwili, nikainama kidogo, nikasema shikamoo. Akaitika marahaba. Nikaenda kupigwa picha.

Haikupita wiki maneno yakanifikia. Mtu mmoja pale kijijini alikuwa amesema digrii imeninyoosha magoti. Watu walicheka, na mimi nilipohadithiwa nilicheka pia, kisha sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Bibi ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa kunyonya. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pamba aliyoipalilia mwenyewe, na kila nilipofungua shule alinisindikiza hadi barabarani, begi langu likiwa kichwani kwake, ili nisifike nimechoka. Huyo ndiye niliyempa mkono kama mgeni wa kwenye semina.

Yeye mwenyewe hakuwahi kusema neno. Kwa mtu kama mimi, hilo ni baya kuliko kusemwa. Angenisema ningeomba radhi yakaisha. Kwa kuwa alinyamaza, nilipata mwaka mzima wa kumjibia mwenyewe kichwani, na majibu niliyompa hayakuwa mazuri. Nilikuwa nikimpigia simu, lakini simu za bibi ni fupi, anaogopa salio litaisha hata kama salio si lake. Sikwenda nyumbani. Nilijiambia natafuta kazi, na ni kweli nilikuwa natafuta, lakini mtu anayetafuta kazi Mwanza anaweza kufika Misungwi akarudi siku hiyo hiyo.

Hatimaye nikapata kazi ya muda, ukarani wa dodoso, miezi mitatu kisiwani Ukerewe. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba na kishikwambi, tunauliza kaya ina watu wangapi, wanakunywa maji ya wapi, wanapika kwa kutumia nini. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotegemea. Nikapanga kwamba ikiisha nitakwenda nyumbani moja kwa moja, Jumamosi, wakati ndugu wote wamekusanyika kwa bibi baada ya mavuno ya mpunga, na mbele yao wote nitapiga magoti mawili, si moja, na nitakaa pale chini mpaka niambiwe niinuke.

Nilianguka siku ya mwisho, nikipanda kwenye nyumba ya mwisho. Ilikuwa imejengwa juu ya mawe, kama nyumba nyingi za huku kwetu ziwani, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilisikia kitu ndani ya goti kikilia, mlio mdogo tu. Mama mwenye nyumba alishuka na kigoda, akanikalisha palepale kwenye jiwe, akataka kuita watu. Nikamwambia kwanza tumalize maswali. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Mimi ni mtu ambaye hurudi mara tatu kuhakikisha kama nimefunga mlango. Lakini nilimuuliza maswali yote, nikajaza majibu yote, nikatuma, halafu ndipo nikaanza kulia. Hospitali ya kisiwani walinipiga picha wakasema mfupa wa goti una ufa, wakanifunga, wakanipa magongo na wiki sita.

Shangazi yangu alinisubiri bandarini. Ni dada yake baba, anaishi Mirongo, Mwanza mjini, na ni fundi cherehani. Aliniangalia kuanzia utosini hadi kwenye plasta, akasema pole, kisha akaniambia nimekonda na kwamba hilo halikuletwa na goti. Akakodi bajaji, akanipanga kiti cha nyuma kwa kukingama, mguu ukatokeza nje kidogo, na yeye akakaa mbele na dereva akimwelekeza jinsi ya kukwepa mashimo ambayo dereva alikuwa anayaona.

Mpango ulikuwa nilale kwake siku moja au mbili kisha niendelee. Lakini kwenye kivuko nilikuwa nimetunga mpango mwingine. Nilimweleza jioni ile, tukiwa barazani kwake, mguu wangu umelazwa juu ya stuli. Nilisema nitakaa Mwanza wiki sita, mpaka plasta itolewe. Kisha nitafanya mazoezi wiki mbili. Kisha nitakwenda nyumbani. Nilimwomba asimwambie mtu yeyote kwamba nimeumia.

Alikuwa anapinda upindo wa sare ya kwaya. Hakusimamisha cherehani.

"Yaani ukae hapa mwezi na nusu," alisema, "ili uende ukapige goti?"

Nikasema ndiyo.

"Na Jumamosi wakiuliza uko wapi?"

Nikasema atawaambia bado niko kazini.

"Nimeshapiga simu," akasema. "Ulipokuwa unashuka ngazi ya kivuko nilikuwa naongea na baba yako. Mtu kavunjika, unataka nimfiche kama mwizi? Kesho kutwa wanakuja kukuchukua."

Nilimuuliza ni nani anakuja. Akasema atakayepata nafasi.

Siku iliyofuata niliishi barazani. Mteja wa shangazi haji kuchukua nguo akaondoka. Anakaa, na akikaa anauliza, na mimi nilikuwa kitu cha kwanza cha kuulizwa. Nilisimulia kuanguka kwangu kwa mama aliyeleta kitenge, kwa mwalimu aliyekuja kupunguza suruali, kwa dada wawili wa kwaya. Kila mmoja alinipa pole na dawa. Supu ya makongoro asubuhi na jioni. Samli. Nisinywe kitu cha baridi. Mama mmoja mtu mzima, Msukuma kama sisi, alinisikiliza hadi mwisho kisha akamuuliza shangazi kama kisiwani hakukuwa na watu wa kuhesabiwa kule chini kwenye tambarare mpaka nipande majabali. Wakacheka wote. Nilipomsalimia mama huyo nilikuwa nimekaa, bila shaka, na niliona jicho lake likishuka kwenye plasta kabla hajaitika. Nikawaza: bila plasta hii asingeitika. Kisha nikawaza: au ameangalia plasta kwa sababu ni plasta. Nililibeba swali hilo hadi saa nane.

Saa nane, shangazi alipokwenda sokoni kununua vifungo, niliingia chumbani kufanya majaribio. Nilitaka kujua kama kuna namna yoyote ya kupiga goti la kushoto peke yake, la kulia likiwa limenyooka. Nilijaribu kushuka nikiegemea kitanda, mguu wa plasta ukielekea nyuma. Mwili ukageuka wote. Nilijaribu mguu ukielekea pembeni. Nikafika nusu, nikabaki hapo, siwezi kushuka wala kupanda, nimekumbatia gongo moja. Mwishowe nilijiachia nikakaa sakafuni kwa kishindo. Nilipoangalia, mguu wangu ulikuwa umenyooka mbele, kisigino kikielekea mlangoni, na shangazi amesimama pale mlangoni na kifurushi cha vifungo.

Sasa, kwetu kumnyooshea mkubwa mguu si adabu pia. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia kila namna ninayojaribu inatoka na kosa jipya.

Alikaa kitandani. Nilidhani atanicheka, na kwa muda kidogo uso wake ulikuwa unajitahidi. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuniuliza. Aliuliza, siku ile ya sherehe, bibi alifanya nini baada ya kuitika marahaba.

Sikujua. Nilikuwa nimeshageuka.

"Basi hujui lolote," akasema, na akaniinua kwa kunishika kwapani kama mtoto.

Walikuja asubuhi. Nilikuwa barazani, na wateja watatu walikuwepo, yule mama wa majabali na wale dada wawili wa kwaya. Bajaji ilisimama upande wa pili wa barabara, akashuka baba, na baada ya baba, akishika nguzo ya bajaji kwa mkono mmoja, akashuka bibi.

Sikuwa nimemtegemea. Bibi hakuwa amekanyaga Mwanza kwa miaka mingi. Alikuwa akisema mji una watu wengi wasiosalimiana. Alikuwa amevaa vitenge vyake viwili vya sare, na kichwani alikuwa na furushi, ambalo baadaye niligundua lilikuwa limejaa michembe, viazi vile vilivyokatwa na kukaushwa, vya kunitosha mimi na mtaa mzima. Baba alijaribu kumpokea. Bibi alimpa mkono wa kukataa bila kumwangalia. Pikipiki zilikuwa zinapita, gari la maji lilikuwa linapiga honi, na bibi akavuka barabara ile kwa mwendo ule ule anaovukia uwanja wake nyumbani, mgongo umenyooka, furushi halitikisiki. Pikipiki zilisimama. Nasema kweli, zilisimama. Nilisahau woga wangu kwa muda wote aliokuwa anavuka. Nilitaka kumwambia kila mtu pale barazani kwamba huyu ni wangu.

Kisha alikuwa amefika, na woga ukarudi.

Nilijaribu kushuka. Sikuwa na mpango, majaribio yote yalikuwa yameshindwa, lakini mwili ulianza wenyewe. Gongo moja likateleza likaanguka hadi barabarani. Nikateremka kwenye kiti nikakaa chini kwenye sementi, kwa kishindo kile kile cha jana, mguu umenyooka mbele ya watu wote, wayo ukielekea moja kwa moja kwa bibi yangu. Nikasema shikamoo nikiwa hapo.

Akaitika marahaba. Akashusha furushi, akampa shangazi. Shangazi akasogeza kiti. Bibi akakihamisha, hakukaa mbele yangu bali ubavuni, karibu sana, akakaa. Goti lake likawa linagusa bega langu. Nikaanza kuomba radhi. Nilisema yote kwa pamoja, joho, viatu, mpiga picha, maneno ya watu, kwamba nilikusudia Jumamosi nipige magoti mbele ya ukoo na sasa ona. Nilisema watu walisema digrii imeninyoosha magoti.

"Nilisikia," akasema bibi. Tulikuwa tunaongea Kisukuma, naandika kwa Kiswahili. "Aliyesema hivyo anamsema hata mbuzi wake."

Mama wa majabali akacheka.

"Lakini uliudhika," nikasema.

"Niliudhika."

Kumbe mwaka mzima sikuwa nimewaza bure.

"Magoti ni yako, na siku ile ulikuwa na joho la watu," akasema. "Mimi ulinisalimia, nikaitika, nikafungua mdomo nikuulize habari. Ukawa umeshaondoka. Nilikuwa bado sijakuuliza kitu. Watu wote waliuliza, hata wasiokujua, mimi nikabaki na maswali yangu."

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimechunguza magoti yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu shikamoo ni mlango tu. Mkubwa akishaitika ndipo salamu inapoanza: umelalaje, ulikotoka wanaendeleaje, mvua, mazao, fulani amepona, na kila swali linajibiwa kabla ya kwenda linalofuata, na wewe ukishaulizwa nawe unauliza. Ndiyo sababu unapiga goti. Unakaa chini kwa kuwa hutaondoka sasa hivi. Mimi nilikuwa nimemwitikisha bibi yangu kisha nikamwacha mlangoni.

"Sasa leo," akasema, akiutazama mguu wangu, "nadhani huendi popote."

Akaanza. Aliuliza nimelalaje. Nikajibu. Aliuliza kisiwani wameamkaje, kana kwamba nimetoka huko asubuhi ile. Nikasema mhola, amani. Aliuliza wanalima nini huko, na kama mihogo yao inaugua. Aliuliza nilikuwa nakaa kwa nani, na huyo mtu ana mama. Mara mbili nilitaka kufupisha, kwa kuwa baba alikuwa amesimama na simu mkononi akitazama saa na gari la saa nne tulikuwa tunalikosa, na mara zote mbili bibi alisubiri tu mpaka nikaongeza. Kisha akafika kwenye kazi. Aliuliza nilikuwa nafanya nini hasa, maana baba alimwelezea na hakuelewa, na baba hakuelewa pia.

Nikamweleza. Nilimweleza jinsi tunavyobisha hodi na kusalimia kwanza, jinsi watu wanavyotuogopa wakidhani ni watu wa kodi, jinsi nilivyojifunza kukaa kwenye kigoda chochote ninachopewa na kungoja kabla ya kutoa kishikwambi. Nilimweleza ile nyumba ya mwisho, na goti, na kwamba niliuliza maswali yote. Sikuwa nimewahi kuyasema hayo kwa sauti bila kuona haya. Nilijisikia nikiyasema vizuri. Cherehani ya shangazi ilikuwa imenyamaza.

Bibi akaendelea kuuliza. "Huyo mama wa nyumba ya mwisho," akasema, "aliyekupa kigoda. Ana watoto wangapi?"

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Angeulizwa mtu yeyote angejibu. Lakini siku ya kwanza ya kazi tuliapa kwamba jibu la kaya halitoki nje ya dodoso, na mimi ni mtu wa kushika kiapo hadi nachosha wenzangu. Nikaona kosa jipya linakuja, kubwa kuliko yote: kumnyima bibi jibu, mbele ya mwanawe, mbele ya wateja, dakika chache baada ya kusamehewa.

"Bibi, hilo siruhusiwi kusema."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Baba alikohoa. Mama wa majabali alishika shavu. Bibi alinitazama. Kisha akamgeukia baba.

"Umemsikia mke mwenzangu?" Ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mdogo, na hakuwa ameniita hivyo tangu sherehe. "Watu wamempa mambo ya nyumba zao, na hayatoki. Hata mimi nimemuuliza, hayatoki. Wamempa kazi ya mtu mzima."

Akayarudia hayo kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, polepole, kwa wale dada wa kwaya ambao hawakuwa Wasukuma, ili nao wasikose. Dada mmoja akanipigia makofi kidogo, kisha akaona haya. Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye sementi, na sikuona sababu ya kuinuka.

Halafu bibi akakunja mikono yake mapajani, akanyamaza, akanitazama. Ilinichukua muda kuelewa. Ilikuwa zamu yangu.

Nikamuuliza amelalaje. Nikamuuliza mgongo. Nikauliza nyumba moja baada ya nyingine, kuanzia kwa baba mkubwa hadi kwa yule jirani anayemsema mbuzi wake, na kila nyumba aliijibu kikamilifu, na pale alipotaja mgonjwa niliuliza anaugua nini na tangu lini. Baba aliacha kutazama saa. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaomba maji. Jua lilikuwa limeshaingia barazani, shangazi akaanza kupanga michembe kwenye sinia, na mimi na bibi tulikuwa ndiyo kwanza tunafika kwenye ng'ombe.